Twiga wa Ukuta wa Jikoni

Elia,

Sianzi na habari za natumaini u mzima, kwa sababu asubuhi nimekuona ukimaliza kiporo cha ugali na bakuli zima la maziwa ya mgando, na mtu anayekula hivyo haumwi. Sasa umekwenda Nduguti kumuaga bibi yako. Utarudi jioni, utalala, na kesho alfajiri basi litakuchukua mpaka Singida mjini, na kutoka hapo Arusha. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya sinia, sinia juu ya mapaja. Tunaishi nyumba moja, tunakula sufuria moja, halafu nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Nimeudhika hata na kalamu.

Sababu unaijua. Tangu Jumapili hujaniambia neno lolote isipokuwa shikamoo, na tangu Jumapili hiyo shikamoo yako sijaiitikia. Kila asubuhi unasimama pale mlangoni, unainamisha kichwa, unaitoa, kavu lakini nzima. Nami nageukia moto kana kwamba kuni ndizo zilizoniamkia.

Huku kwetu mtoto anaweza kumnunia mzazi wake, akagoma kula, akahamia kwa bibi yake, lakini shikamoo atatoa. Na mzazi anaweza kuchapa, akanyima, akasema maneno ya kuvunja mifupa, lakini marahaba atatoa. Aliyenyimwa marahaba ni mtoto aliyefukuzwa. Mimi sijakufukuza. Nilinuna tu, siku ya kwanza kwa makusudi, na siku zilizofuata kwa sababu sikujua pa kuanzia. Jana baba yako alikuwa anatia mpini jembe pale uani, akaniita, akaniambia kwa sauti yake ileile ya kuulizia chumvi:

"Mama Elia, mwitikie mtoto salamu yake. Anasafiri."

Nikamwambia aendelee na jembe lake. Lakini jioni ulipopita na ndoo nilifungua mdomo, neno likiwa tayari kwenye ulimi, na kilichotoka ni "umefungia kuku?" Ukasema ndiyo. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kuagana, mimi na kifungua mimba wangu.

Basi naandika. Mambo ya sweta, na ya kuficha nauli, na ya kutokula ovyo stendi, alishakuambia shangazi yako, maana kuambia watu ndiyo kazi anayoipenda. Mimi nina jambo la ukuta. Nitaanza mbali. Wewe mwenyewe unajua sijui kufupisha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sanaa alikuwa mzee mmoja wa Bukoba, mwembamba, mwenye kikohozi. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za rangi ambacho hakumruhusu mtu kukigusa kabla hajamnusa vidole. Sitanii, alinusa. Ukiwa umekula karanga unarudi kunawa. Siku moja alifungua ukurasa wa mafahali waliochorwa pangoni huko Ufaransa, akasema waliowachora waliishi zamani mno, hata lugha yao hakuna aijuaye. Mimi nikasimama nikasema, "Mwalimu, hata kwetu wako." Darasa likacheka mpaka likapiga madawati. Msichana wa Kinyiramba, kwao tembe na uwele, anasema Ufaransa na kwao ni sawasawa. Mzee hakucheka. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamweleza habari za ule mwamba ulioinama kilimani, nyuma ya mashamba ya babu yako: twiga mwekundu, watu wembamba wenye vichwa vikubwa, na yule mnyama ambaye sisi wachunga mbuzi tulibishana kama ni pofu, yule swala mkubwa wa porini, au ng'ombe. Akaniambia ni kweli. Nchi hii ya kati, tangu Kondoa mpaka Iramba, imejaa michoro ya namna hiyo, na wako watu wanaopanda ndege kuja kuona kitu nilichokuwa nakiegemezea mgongo nikila matunda pori.

Sikulala vizuri kwa furaha. Tangu hapo kitabu kile nilikishika kichwani kama wengine wanavyoshika vizazi vya Biblia, fulani akamzaa fulani. Ndiyo maana nyinyi hamkukua na sungura na fisi peke yao. Mlikua na Mjapani mzee aliyekuwa akibadili jina lake kila alipochoka nalo, akihamahama nyumba bila mwisho, akachora wimbi na mlima mpaka uzeeni akilalamika kwamba bado hajajua kuchora. Mlikua na wale mafundi wa Ethiopia wanaochora kuta za makanisa, mtu mwema wakimpa uso mzima na macho mawili, mtu mbaya wakimgeuza upande abaki na jicho moja. Wewe ulimchora mwalimu mkuu wetu kwa upande, kwa mkaa, mlangoni mwa ofisi yake. Niliomba radhi mimi, na huku nacheka moyoni.

Haya, nikawa mwalimu. Nikaletwa shule ya hapa nikiwa na wachoraji wote wale kichwani, na kabatini hakuna hata brashi. Tulichora kwa mkaa, kwa majani ya maharage, kwa udongo. Kisha kipindi cha kuchora kikapunguzwa, kikapunguzwa tena, mwishowe kikawa cha kufagia uwanja. Yakaja mageuzi, kila kitu ruksa, maduka yakajaa Nduguti, sabuni za kila rangi, mitumba, kalenda zenye picha za maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua. Rangi zikaja nazo, makopo kwa makopo, na shule haikuwa na chaki mpaka wazazi wachange. Nilikuwa nikipita dukani nasimama mbele ya makopo yale kama mtoto mbele ya maandazi. Muuzaji aliniuliza kama napaka nyumba. Nikasema hapana, naangalia tu.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, Elia, na sijawahi kulisema hivi. Najua nani alikuwa mlevi, nani aligombana na baba yake, nani alikufa na brashi mkononi. Sijawahi kumaliza picha moja ya kwangu. Nilisubiri karatasi nzuri. Kisha nilisubiri mkue. Wale wa mwambani hawakusubiri karatasi.

Mwamba ule niliupenda vibaya. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi, na wewe ukiwa mdogo ulifuata umeshika sketi yangu. Twiga alikuwa amefifia, watoto wa nyuma walikuwa hawamwoni, basi tulibeba maji kwenye vidumu tukamwagia. Rangi ilikuwa inaamka mara moja, nyekundu kabisa, watoto wote wanasema aaa. Nilijiona mwalimu hodari. Miaka mingi baadaye alikuja kijana mmoja wa mambo ya kale, mpole, akauliza nani anamwagia maji hapa, maana kila tukimwamsha twiga tunamlamba kidogo. Nilimwambia labda ni mvua.

Halafu mkutano wa kijiji. Ulikuwa darasa la sita, unaukumbuka, lakini hukujua nilichokuwa nakitaka. Vijana walikuwa wameanza kuvunja kokoto kule kilimani, za misingi ya maduka mapya, na kila siku nyundo zilisogea karibu na mwamba. Mwenyekiti alinipa nafasi. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa gauni la Krismasi. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, pale mnapogonga kokoto pana hazina. Ile ni mali, kuliko ng'ombe wetu wote tukiwakusanya."

Kimya. Hata watoto wachanga walinyamaza. Sijawahi kusikilizwa na mkutano wa kijiji kama nilivyosikilizwa siku ile, na nilikaa chini nikiwa na furaha, nikidhani wamenielewa.

Kumbe walinielewa kabisa, ila si nilichosema. Kwenye kitabu cha mzee wa Bukoba hazina ni picha, ni mababu, ni jambo la kumwonyesha mjukuu. Kwa watu waliosikia habari za Mjerumani tangu wakinyonya, hazina ni sanduku. Wazee wetu wamesema siku zote kwamba alama nyekundu za mwambani ziliwekwa na askari wa Kijerumani walipokuwa wakikimbia vita, ili wakirudi wajue walipofukia dhahabu. Na sasa mwalimu, mtu aliyesoma, amesimama mbele ya kijiji amethibitisha. Baba yako mdogo Gunda alikuwa amerudi kutoka machimboni Mererani bila kitu, ana deni la heshima la kulipa kwa kila aliyemcheka. Akaleta mtu kutoka mjini mwenye mashine ya kupiga kelele karibu na chuma. Wakasema shingo ya twiga inaelekeza. Wakachimba, wakafika kwenye jiwe, wakawasha moto wa magogo chini ya mwamba, ukawaka mpaka jiwe likawa la moto, kisha wakalimwagia maji ya baridi lipasuke.

Likapasuka. Ngozi yote ya mwamba ilibanduka. Walipata mifupa ya pimbi na kipande cha chungu.

Gunda alikuja hapa jioni, amejaa masizi, akanilaumu mimi. "Shemeji, wewe ndiye uliyesema ipo." Nilimfukuza kwa mwiko. Lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku hiyo simpendi, si kwa alichokifanya bali kwa kuwa alinisikiliza. Siku nyingine neno moja la Kiswahili lina milango miwili, na mimi niliwafungulia watu mlango nisioujua.

Wewe ulikwenda kule na karai. Ulirudi na vigae vya mwamba, ukavipanga uani kutwa nzima, shingo hapa, mguu huku, na kila ulichokishika kilikuachia wekundu mkononi. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, nyuma ya zizi. Baada ya hapo ndipo samli yangu ilipoanza kupungua.

Nilimshuku paka. Nilimshuku Naomi, mdogo wako, nikamchapa bure, maskini. Mpaka nilipoingia jikoni mchana mmoja nikakukuta juu ya stuli, umesaga udongo mwekundu ukauchanganya na samli yangu ya harusi ya mjomba wako, na ukuta wote wa upande wa mashariki una twiga. Nilikuchapa. Naomba ikumbukwe kwamba nilikuchapa kwa ajili ya samli, si kwa ajili ya picha. Baada ya kukuchapa ndipo nilipoangalia. Ulikuwa umemwekea kila kitu: shingo imeinama kushoto, mguu mmoja wa nyuma haupo, kwa sababu mwambani pale palikuwa na ufa. Watu wembamba wako vilevile, na yule mnyama wa ubishi bado haijulikani kama ni pofu au ng'ombe. Ulikuwa umeukariri mwamba mzima bila mtu kukufundisha. Ulinieleza kwamba wa zamani lazima walitumia mafuta, maana rangi ya maji tupu isingedumu. Nilikaa chini, nikamega kipande cha ugali, nikala.

Yupo Mmeksiko mmoja niliyewahi kukusimulia. Alipewa ukuta mkubwa Marekani auchore, waliompa kazi hawakupenda alichokichora, wakaubomoa. Akarudi kwao akauchora upya. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari hiyo kama jambo la mbali, na kumbe ninaye mmoja nyumbani, anakula samli yangu.

Wanawake wa hapa walinicheka miaka yote hii. Jiko la mwalimu ni pango. Mwalimu anapika na mashetani. Kila mwaka kabla ya Krismasi wao wanasiriba nyumba zao, mimi nasiriba kuta tatu, wa nne nauacha. Mke wa mchungaji aliniuliza kama nimeishiwa udongo. Nikavumilia. Nataka ujue nilivumilia, kabla hujaendelea kunihesabia la Jumamosi.

Sasa Arusha. Ulianza na mabango, nami sikuwa na neno. Yule mbuzi wa bango la bucha kule Nduguti, anayekutazama popote unaposimama, mpaka watu wanaona aibu kununua nyama, nilijivunia. Akapita mfanyabiashara wa vitunguu, akamwona mbuzi, akauliza aliyemchora. Ana rafiki Arusha mwenye duka la picha za watalii. Akakuletea mfano: Mmasai mrefu kama ufito, jua jekundu, twiga wawili. Wanataka hiyohiyo, nyingi, na chini halikai jina lako, linakaa la duka. Ulikaa pale chini ukainakili mchana mmoja, huku unatafuna muwa. Ilikuwa sawasawa kabisa na ile yao.

Nikakuletea Mholanzi wangu, yule aliyechora kama mtu anayeungua na karibu hakuna aliyenunua picha zake akiwa hai. Nilimsimulia kwa machozi kama ninavyofanya siku zote. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukatema muwa, ukasema:

"Mama, huyo alikuwa na ndugu yake wa kumtumia fedha. Mimi ndugu yangu mkubwa yuko wapi?"

Hakuna. Wewe ndiye mkubwa. Nikakasirika, maana mimi nikishindwa hoja nakasirika, umenijua tangu uzaliwe. Nimefikiri sana habari hiyo wiki hii. Miaka yote nimewasimulia watoto wenye njaa hadithi ya mtu mwenye njaa kana kwamba njaa ndiyo iliyochora. Na lipo jambo nililokuwa nalipita haraka kila mara. Mholanzi alipokufa, na ndugu yake akamfuata muda si mrefu, picha zote zilibaki kwa mjane wa yule ndugu, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga. Watu walimshauri aachane nazo. Akazitunza, akaziandikia watu barua, akazionyesha, mpaka dunia ikafumbuka macho. Shemeji mtu. Wala hakuwa mchoraji. Kazi yake ilikuwa kutokutupa.

Na yule Mjapani wangu pia, nikitaka kuwa mkweli. Picha zake ziligongwa kwa mbao, nyingi, zikauzwa rahisi kwa watu wa kawaida kama kalenda za Nduguti. Hata hapa nchini, yule kijana wa kusini aliyeanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya ubao wa dari, ndege na chui, alikuwa anawauzia wageni kando ya barabara. Leo wenye vitabu wanamwandika. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kuuza ni dhambi. Ningetaka sana kukuambia hivyo, ningelala vizuri, lakini kitabu chenyewe kinanikana.

Wala siwezi kukuambia usikubali kuchora bila jina. Nilikuwa nimeliandaa hilo, nimelipanga vizuri, halafu nikamkumbuka twiga. Aliyemchora hakuweka jina. Ninachoweza kusema ni hiki tu: ukiona mkono wako unachora twiga na macho yako yanaangalia saa, mchore mmoja usiku wa Jumapili kwa ajili yako, hata kwenye boksi. Mimi sikufanya hivyo, na ona nilivyokuwa mkali.

Jumamosi. Wageni wa sala ya kukuaga walikuwa wanakuja Jumapili, mchungaji na mke wake, wazee, mashangazi wa Ihanja. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikauchanganya na samadi na majivu, nikasiriba sebule, nikasiriba nje, nikasiriba jikoni kuta tatu. Udongo ukabaki. Ningeweza kusema niliona aibu kwa wageni, na baba yako ndivyo anavyoamini, mwache. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya twiga wako, mikono imejaa udongo, nikawaza kwamba Arusha utachora twiga mia wa watu na huyu unaniachia mimi na moshi. Nikamsiriba. Nilianzia miguuni. Nilifanya kazi nzuri, laini, kwa kiganja, kama mama yangu alivyonifundisha, na nilipofika kichwani nilikuwa ninalia na sikuacha.

Wataliani wa zamani walipaka rangi kwenye lipu mbichi, kabla haijakauka, ili picha na ukuta viwe kitu kimoja. Mimi nilileta ubichi baada ya picha. Ndiyo elimu yangu hiyo.

Ulirudi Jumapili asubuhi kutoka shambani, ulikolala ukimsaidia baba yako na alizeti. Ukasimama mlangoni. Ukaangalia ukuta, hukuniangalia mimi. Nilikuwa nakwangua sufuria. Ukasema polepole, na wala hukuinua sauti, ingekuwa nafuu ungeinua:

"Wewe na baba mdogo Gunda hamna tofauti. Shikamoo, mama."

Vyote kwa pumzi moja. Tusi na salamu. Ningekuitikia vipi? Nikiitikia salamu, nimeitikia na tusi. Basi nikaendelea kukwangua sufuria, na ukimya ukazoea nyumba. Tangu hapo nimekuangalia kwa jicho moja kama wale wachoraji wa Ethiopia, nimekugeuza upande, na huko upande nikaona masikio yako yametoka kama ya babu yako, na kwamba umekonda.

Na lile ulilosema ni kweli. Gunda alitafuta sanduku, mimi nilitaka mtoto abaki. Wote wawili tulivunja mwamba.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikae na kalamu. Leo, ulipokwisha kuondoka kwenda Nduguti, nimeingia hapa kuchemsha maharage, nikasikia kitu kimeanguka nyuma yangu. Nikadhani ni mjusi. Kumbe ni ukuta. Kipande cha udongo wangu, ukubwa wa sahani, kimedondoka chenyewe, na pale kilipotoka kuna kwato. Nikaweka kidole pembeni, kipande kingine kikatoka, kikavu, hakikuwa kimeshika kitu. Chini yake mguu mzima, mwekundu kama siku ile, hata vumbi halijaugusa. Nimesimama pale na mwiko mpaka maharage yakaungua.

Ni samli, Elia. Kuta zile tatu udongo umeshika kama chuma. Huu umekataa. Udongo wa maji haushiki penye mafuta, mtoto yeyote anayeosha sufuria anajua, na mimi niliyekuchapa kwa ajili ya samli ile sikukumbuka. Unayoyaiba kwa mama yako yanakaa kuliko anayokufundisha.

Mzee wa Bukoba alituambia kwamba yako makanisa ya kale huko Ulaya ambayo kuta zake zilipakwa chokaa juu ya picha, watu wakasali miaka na miaka mbele ya weupe mtupu, mpaka siku chokaa ilipobanduliwa picha zikakutwa nzima, zimetunzwa na kilekile kilichozificha. Nisingependa kujisifu kwamba nilikuwa natunza. Sikuwa natunza. Nilikuwa na hasira.

Nilitaka kuubandua udongo wote kabla hujarudi, ukute nimesafisha, tusiseme chochote, kama kawaida yetu. Nimebandua mguu na nusu ya tumbo, kisha nikaacha. Nimeona si kazi yangu kuamua wa kufunikwa na wa kufunuliwa. Mwaka ujao utakapokuja likizo, kama watakupa likizo hao, utammalizia mwenyewe. Mimi nitaendelea kupika mbele ya kwato, na mke wa mchungaji akiuliza nitamwambia nimeishiwa udongo.

Barua hii naiviringisha pamoja na brashi zako, ndani ya kile kitambaa cha kanga. Huko ndiko utakakofungua kwanza, si kwenye nguo. Kesho alfajiri ukisimama mlangoni nitajitahidi kukujibu kwa mdomo wangu. Nimefanya mazoezi, Naomi ananicheka. Lakini kama litatoka tena neno la kuku, basi ujue nilikuwa nimeshakujibu mchana huu, nikiwa nimekaa chini ya mguu wa twiga, mikono ina udongo.

Marahaba ya Jumapili, mwanangu. Marahaba ya Jumatatu, na ya jana, na ya leo asubuhi ulipoinamisha kichwa nami nikachochea moto. Na ya kesho, nimeitanguliza.

Marahaba, Elia.

Mama yako